Parseli Huonwa Wakati wa Mvua

Komisioneri, yule dalali wa parseli, atakupigia simu mwezi wa Julai. Njia za udongo zimekauka, vumbi jekundu limelala juu ya majani ya migomba, na kilima anachokupeleka kimetulia tuli. Atakuonyesha mipaka kwa kidole, kuanzia hapa mpaka kwenye mkaratusi ule, kisha atasema maneno ambayo kila aliyewahi kununua parseli Butembo ameyasikia: "Papa, hii iko safi. Makaratasi yote iko. Kuko bantu bawili bengine banaitaka, kesho banakuya na pesa."

Mwambie waje. Wewe utarudi mwezi wa Oktoba, siku ya pili ya mvua mfululizo, umevaa buti za mpira.

Hilo nililijua kwa kulipa. Mwaka 2016 nilinunua parseli ya mita 20 kwa 25 chini ya mtelemko, katikati ya kiangazi. Bei ilikuwa nzuri kiasi kwamba sikujiuliza kwa nini ni nzuri. Nikaweka msingi, nikapandisha kuta, nikaezeka. Novemba maji yakatokea katikati ya chumba cha pili. Paa lilikuwa zima na madirisha yamefungwa. Maji yalikuwa yanapanda kutoka sakafuni, safi, baridi, bila haraka. Mama wa nyumba ya jirani alikuja kutazama, akacheka kwa huruma. "Pale ndipo tulikuwa tunachota maji tukiwa watoto. Wewe hukuuliza." Kweli sikuuliza. Nilimuuliza komisioneri, mwenye parseli na fundi, watu watatu waliokuwa wanangoja pesa yangu, nikamwacha mtu wa nne ambaye hakuwa na cha kupata.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe uliyeweka dola chache pembeni, iwe kwa biashara ya pale mjini, kwa likelemba (mchango wa zamu) ya miaka, au kwa kazi ya usiku katika nchi ya watu, na unataka zigeuke nyumba ya kupangisha Butembo au Beni. Katika mji wetu hasara nyingi za nyumba hupatikana kabla tofali la kwanza halijalala.

Kilima na maji yake

Butembo imekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mvua yetu huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, kisha kuanzia mwisho wa Agosti hadi Desemba. Udongo ni wa mfinyanzi, mzuri kwa matofali na mbaya kwa miguu. Mitelemko ni mikali, na mji umepanda juu yake haraka kuliko mifereji. Maji yote yanatafuta mabonde, na mengi huishia mto Kimemi. Swali lako ni moja tu, kama yatapitia kwako.

Basi usianze kuitazama parseli. Anza juu yake. Panda hadi kwenye njia ya gari iliyo juu ya kilima, uone mfereji wake unamwaga wapi. Maji ya barabara ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu yamekusanywa kutoka mabati mia na yanateremka kwa pamoja. Kama mfereji unakatika ghafla mita hamsini juu ya parseli, hapo ndipo korongo litakapozaliwa, na korongo halijui hati ya mtu. Tazama kuta za majirani kwa chini: mstari wa unyevu uliokauka unakuambia maji yalifika kimo gani mwaka jana. Tazama mikaratusi, kwani iliyopinda shina kuelekea bondeni inaonyesha udongo unaotembea polepole. Ukikuta mifuko ya mchanga, matairi ya zamani na mianzi iliyopandwa kwa mstari, jua kuna watu tayari wanapigana na mmomonyoko hapo. Waulize wanashinda au wanashindwa.

Karibu kila nyumba ya mtelemkoni hujengwa juu ya ngazi iliyokatwa kilimani. Fundi anachimba upande wa juu, udongo anausukuma upande wa chini, anapata uwanja tambarare, na kwa macho uwanja wote unafanana. Haufanani. Nusu ya ndani ni ardhi iliyokaa pale tangu zamani. Nusu ya nje ni udongo uliolegezwa juzi. Nyumba ikikalia zote mbili, baada ya misimu miwili ya mvua itapasuka katikati, ufa ukianzia kwenye kona ya dirisha na kupanda mshazari. Sogeza nyumba ndani, karibu na ukuta wa kilima, ukiacha nafasi ya mfereji nyuma. Nusu ya nje iachie uwanja, jiko, kamba ya nguo. Fundi atalalamika kwamba unapoteza nafasi. Acha alalamike.

Choo nacho kina hesabu yake. Shimo lako lisiwe juu ya chemchemi ambayo kartie nzima inachota, na shimo la jirani wa juu lisiwe linanyonyea kwenye msingi wako. Maji ya bomba hayafiki kila kilima, kwa hiyo mpangaji atakuuliza kuhusu chemchemi kabla hajauliza kuhusu umeme. Pima kwa miguu, na ndoo ya lita 20 kichwani ukiweza: dakika tano za kupanda ukiwa mikono mitupu ni dakika kumi na mbili ukiwa na maji.

Unachokinunua hasa

Ukitoa dola zako mbele ya mashahidi, unaamini umenunua ardhi. Kwa sheria, hapana. Sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wa Congo ni mali ya Serikali, haiuzwi na haipotei kwa kukaliwa muda mrefu. Unachoweza kupata ni haki ya kuutumia, inayoitwa konsesyo, na nyumba iliyo juu yake. Raia Mkongomani anaweza kupewa konsesyo ya kudumu. Mgeni, pamoja na kampuni, hupewa ya kawaida, isiyozidi miaka 25, ingawa huweza kurudishwa upya.

Hapa niseme na ndugu zangu wa ng'ambo kwa sauti ya chini. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema uraia wa Congo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Wewe uliyeapa mbele ya bendera ya Kanada au Ubelgiji, mbele ya sheria hii umekuwa mgeni, hata kama Kinande chako ni kizuri kuliko cha shefu wa kartie. Watu wengi hupita juu ya jambo hili kimya kimya, mpaka siku ugomvi unapofika mahakamani na wakili wa upande wa pili ana nakala ya paspoti yako. Zungumza na wakili kabla, uamue jina la nani litaandikwa.

Makaratasi yana ngazi, na komisioneri akisema "yote iko" huwa anamaanisha ngazi ya chini. Ya kwanza ni hati ya mauzo, karatasi mliyoandikiana, yenye saini za mashahidi na mhuri wa shefu wa kartie. Ina thamani ya ushahidi, basi. Juu yake kuna karatasi za parseli zinazotolewa na komini. Halafu inakuja ofisi ya ardhi: watu wa kadastri wanapima, wanachora, na kwa parseli isiyojengwa unapewa kontra ya kupanga na Serikali kwa miaka isiyozidi 3, ili uonyeshe kwamba umeiendeleza. Ukishajenga, unaomba konsesyo, na konsevateri wa hati anakuandikia cheti cha usajili. Hicho ndicho mwisho wa ngazi. Kifungu cha 219 cha sheria hiyo kinasema haki ya kutumia ardhi iliyotolewa na Serikali haisimami kisheria bila cheti, na kifungu cha 227 kinasema miaka 2 ikipita tangu kutolewa, cheti hakiwezi tena kupingwa; mwenye malalamiko atadai fidia tu.

Watu wetu wengi hukomea ngazi ya kwanza au ya pili. Sababu inajulikana: kila ngazi ina gharama, ile ya risiti na ile isiyo na risiti, na ofisi ina foleni. Mimi sikulaumu ukikomea hapo kwa mwaka mmoja. Nakulaumu ukijenga orofa juu ya karatasi ya shefu wa kartie.

Pembezoni mwa mji mambo yanaongezeka uzito. Butembo imekua kwa kula mashamba ya uchifu wa jirani, wa Baswaga upande mmoja na wa Bashu upande mwingine, na huko ardhi ina wenyewe wa mila ambao walikuwepo kabla ya kadastri. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba agizo la Rais lingekuja kupanga haki za wenyeji juu ya ardhi wanazokalia. Kifungu cha 389 kimelingoja kwa miongo. Kwa hiyo anayenunua huko anajikuta na wazee wawili, wa mila na wa Serikali, na kila mmoja anaona mwenzake hana neno. Njia niliyoona ikifanya kazi ni kuanza na wa mila, hadharani, familia nzima ikiwepo, mkaandikiana, kisha ukaibeba karatasi hiyo hadi ofisi ya ardhi. Anayeanza na ofisi na kuwaruka wenye shamba atapata cheti chake, halafu atakuta mihogo imepandwa ndani ya msingi.

Kabla hujalipa, nenda mwenyewe kadastri na kwa konsevateri ukaulize kama parseli hiyo ina jina la mtu, ina rehani, au ina kesi. Kisha nenda kwenye mahakama ya amani na ile kubwa iliyo juu yake uulize tena. Kuuza mali ya mwingine, au kuiuza mara mbili, ni kosa la jinai kwetu. Sheria inaliita stelionati, na mtu hufungwa kwa ajili yake. Lakini kumfunga mtu hakurudishi dola.

Na familia. Parseli iliyoachwa na marehemu ina wenyewe wengi kuliko walioketi kwenye kiti siku ya mauzo. Uliza mjane yuko wapi. Uliza watoto wa mama wa pili. Uliza yule kijana aliyeenda kuchimba dhahabu Ituri na hajarudi tangu mwaka juzi, kwa sababu atarudi. Kama muuzaji ameoa, mke asaini. Sheria ya Familia inataka wote wawili wakubali mali isiyohamishika inapohama, vyovyote walivyopanga mali yao. Nimeona mume akisema, "Mama yuko shambani, anakubali tu." Tulimtuma kijana wa pikipiki. Mama alipofika alikuwa hajasikia neno hilo hata siku moja.

Hesabu ambayo watu hawaipigi

Chukua mfano, namba ni za kujifunzia tu. Parseli umeipata kwa dola 5,000, nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha umeijenga kwa 8,000. Jumla 13,000. Kila chumba unakipangisha dola 25, kwa mwezi ni 100, kwa mwaka 1,200. Hapo ndipo watu wengi husimama, wanagawa, wanaona miaka kumi na moja hivi, wanafurahi.

Endelea. Kuna miezi chumba kitakuwa wazi, na miezi mpangaji atakuwepo bila pesa kuwepo. Toa 200. Zimebaki 1,000. Kuna kodi ya mapato ya kupangisha, ile IRL, ambayo ni ya mkoa. Kiwango cha sheria ya 1969 kilikuwa asilimia 22, nawe uulize cha mwaka huu kabla hujapanga. Kwa asilimia 22 unatoa 220, zimebaki 780. Bati lililochomoka, kufuli, choo kilichojaa, mfereji uliozibwa: toa 130. Umebaki na dola 650. Gawa 13,000 kwa 650. Ni miaka 20.

Sikatazi. Miaka 20 kwa mali itakayobaki kwa watoto si kitu cha kudharau, na parseli yenyewe huweza kupanda bei wakati wewe unahangaika na makufuli. Ila ukiijua hesabu hii utafanya maamuzi tofauti. Hutakopa kwa riba ya mwezi ili umalize paa, maana kodi ya nyumba haitalipa riba hiyo. Utajenga kwa vipande: vyumba viwili vinavyolipa kwanza, msingi wa vingine viwili ukiwa tayari chini ya majani. Utaacha vigae sebuleni na kuweka pesa hiyo kwenye ukuta wa mawe unaozuia kilima, ambao mpangaji hatausifu kamwe.

Vifaa navyo vina hali ya hewa yao. Saruji yetu nyingi hutoka Uganda, ile ya Hima upande wa Kasese, inavuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi, kisha inapita Beni. Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54, na hizo ni kati ya barabara ambazo Uganda na Congo zilikubaliana kuzitengeneza. Marais wawili walizindua kazi mpakani Juni 2021. Siku njia ikishambuliwa, mfuko wa saruji unapanda kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo nunua saruji ya kazi ya mwezi mmoja, usinunue ya mwaka, kwani itaganda kwenye unyevu wa kwetu. Lakini mabati na misumari nunua mapema, siku bei ikiwa imetulia, uweke mahali panapolindwa. Na ukishawishika kununua kando ya barabara hiyo mpya, uliza kwanza ukanda wa barabara unaishia wapi. Ukuta wenye alama ya X nyekundu, wa kubomolewa, una sababu ya kuwa wa bei rahisi.

Matofali ya kuchoma yajaribu wewe mwenyewe. Gonganisha mawili: yaliyoiva hulia kama kengele ndogo, mabichi hutoa sauti ya mti uliooza. Loweka moja usiku kucha kwenye ndoo. Kama asubuhi kingo zinamomonyoka kwa kidole, tanuru lilikosa kuni na wewe utakosa ukuta. Matofali mabichi si dhambi kwa asiye na pesa, mradi yakae juu ya msingi wa mawe uliopanda hadi magotini, na paa litokeze vya kutosha kuyafunika. Nyumba ya mbao husimama haraka, inalipa haraka, na huungua haraka zaidi, pamoja na ya jirani.

Jambo dogo la mwisho kuhusu pesa: muuzaji atageuza kila noti ya dola mia kwenye mwanga. Noti yenye mchaniko wa nusu kucha, ambayo huko Ulaya wangeipokea bila kuitazama, Butembo inaweza kuvunja mauzo. Njoo na noti safi.

Mpangaji anayekuja kwa ndege

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, karibu na Beni, na mwaka uliofuata Katwa na Butembo zikawa kitovu chake. Mashirika yakaja. Yalitaka nyumba zenye uzio, uwanja wa magari, maji, jenereta, na yalilipa kwa dola bila kubishana sana. Wenye nyumba wakawahamisha wapangaji wao wa miaka, wakapiga rangi, wakaweka vyoo vya kukalia. Wengine wakakopa wakajenga nyumba za namna hiyo kutoka chini. Tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa ukatangazwa umekwisha, magari meupe yakaondoka, na nyumba zile zikabaki na bei ambayo hakuna mwalimu wala muuza madawa wa Butembo angeweza kulipa. Yule mpangaji wa zamani naye alikuwa ameshazoea kwingine.

Nayakumbusha haya kwa sababu Beni inaonja kitu cha namna hiyo. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, makao ya mkoa yalihamia Beni kwa muda, na ofisi zikaja na watu wake. Ukiwa na nyumba tayari, pangisha, pata faida yako. Ukiwa bado huna, usijenge kwa ajili ya neno "kwa muda".

Mpangaji wa kudumu wa Butembo ni mfanyabiashara mdogo anayeamka saa kumi, mwalimu, muuguzi wa Matanda au Katwa, na mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kipo tangu 1989, na vyuo vingine vimefuata. Mwanafunzi hataki sebule, anataka chumba chenye mlango wake, taa, na mahali pa kuweka makaa. Vyumba vinane vidogo vizuri karibu na chuo hulipa kuliko villa moja. Kasoro yake ni likizo.

Andikianeni mkataba. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 ndiyo inayotawala nyumba za kukaa, na inasema garanti isizidi kodi ya miezi 3. Wanaodai sita wapo, na mpangaji huinama akalipa, lakini siku ya ugomvi karatasi hiyo inamgeukia mwenye nyumba. Siku ya kuingia piteni wote wawili chumba kwa chumba, muandike: vioo vingapi, kufuli gani, ukuta una rangi gani. Ugomvi ukija, pitia shefu wa kartie, kisha ofisi ya makao ya komini, ile watu wanaiita Habita, ndipo mahakama. Usitoe vitu vya mtu nje kwenye mvua, hata kama ana deni la miezi mitano. Utakuwa umempa kesi yeye.

Na wale wanaokuja wakikimbia. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya maeneo ya Beni yamesukuma watu mijini, na katikati ya 2024 Kanyabayonga na Kirumba ziliposhikwa na M23, familia nyingi zilipanda kuja huku na magodoro kichwani. Kuna wenye nyumba waliopandisha kodi wiki hiyo hiyo. Mimi nasema hiyo ni aibu, na pia ni biashara mbovu: aliyekimbia akilipa bei ya leo, mwezi ujao hana. Afadhali kodi ndogo ya wiki, chumba kikae na mtu, na mtu huyo akikuona njiani akusalimie.

Ukiwa mbali, au ukilazimika kuwa mbali

Mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Hatuchagui siku ya kuondoka. Kwa hiyo hati za asili zisikae ndani ya nyumba zinazoihusu. Ziweke kwa wakili, parokiani kwa mtu unayemwamini, au ng'ambo ya mpaka, na picha zake ziwe kwenye simu tatu tofauti. Goma ilituonyesha kwamba benki inaweza kufunga mlango asubuhi moja na isifungue kwa miezi.

Anayesimamia nyumba yako awe na prokirasio iliyoandikwa kwa notari, inayosema anaweza kupokea kodi na kutengeneza, na hawezi kuuza. Ndugu wengi wamegombana kwa sababu karatasi ilisema tu "anisimamie". Na mlipe. Ndugu unayemwambia "nisaidie tu, Yaya" kwa miaka minne atajilipa mwenyewe, na hutapenda namna atakavyojilipa.

Akikutumia picha za ukuta unaopanda, usitazame ukuta. Najua mama mmoja huko Kampala aliyetumiwa picha za nyumba yake kwa mwaka mzima. Mwishowe mwanae wa shule ndiye aliyeona kwamba nyuma ya ukuta kuna mnara wa simu, na parseli yao haikuwa na mnara. Mpigie kwa video, saa usiyomwambia, umwombe atembee kutoka njiani hadi mlangoni bila kukata, amsalimie jirani kwa jina.

Siku ya kupanda mipaka, usiwaite watu wa kadastri peke yao. Waite majirani wa pande zote nne, wazee wa familia iliyouza, na mkuu wa nyumba kumi, na kasikisi (pombe ya ndizi) iwe ya kutosha. Piteni mpaka mzima kwa miguu, kona kwa kona, kila mmoja aweke mkono kwenye jiwe. Na watoto wa kila nyumba wawepo, hata wale wadogo wanaocheza tu. Wape soda. Kila mmoja abebe mche mmoja wa mpaka, aupande mwenyewe, na daftarini uandike jina lake pamoja na kona aliyopanda.